Uso wa bibi harusi na upepo wa Ufipa

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba uniwie radhi. Umezoea kunisikia wakati kama huu nikizungumzia bei ya mahindi, mbolea na barabara. Leo nataka tuzungumze juu ya uso. Si uso wa nchi wala uso wa kiongozi, bali uso wa bibi harusi, na ile rangi inayopakwa juu yake kabla ya poda, ambayo wapambaji wote, kuanzia Dar es Salaam hadi Namanyere, wanaiita faundesheni. Najua baadhi ya wanaume mmekwisha kunyoosha mkono kubadili stesheni. Subirini kidogo. Aghalabu ni ninyi mnaomlipa mpambaji, na ni ninyi mtakaozitazama zile picha ukutani kwa miaka thelathini ijayo.

Kisa chenyewe ni cha nyumbani kwangu. Mtoto wa kaka yangu aliolewa mwezi wa Agosti mwaka jana, na ameniruhusu kukisimulia ilimradi nisimtaje jina. Misa ilikuwa saa nne asubuhi hapa Sumbawanga mjini, na karamu ilikuwa jioni kwa wakwe, huko chini bondeni, upande wa Mtowisa. Mpambaji alifika saa kumi na moja alfajiri. Baridi ilikuwa ile ile ya kwetu, ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Saa mbili, bibi harusi alipotolewa chumbani, tulipiga vigelegele. Uso umetulia kama maji ya mtungini.

Saa nne na nusu, alipogeuka kuvishwa pete, mimi niliyeketi benchi la pili niliona mistari. Miwili ilitoka puani ikashuka hadi kwenye pembe za mdomo. Mingine midogo midogo ilikuwa chini ya macho, na katika paji la uso palionekana kama tope la bwawa lililokaukiwa na maji. Akitabasamu, mistari inafunguka. Akinyamaza, inabaki pale pale. Tulipotoka nje ya kanisa mpambaji alikuja mbio na mkoba wake, akaongeza tabaka la pili la faundesheni, na poda juu yake. Ikasaidia kwa nusu saa hivi, wakati wa picha za pamoja.

Kisha tukapanda magari tukashuka bondeni. Aliyepita njia ile anajua: unaondoka na sweta, unafika umelivua. Huko chini jasho likaanza, na uso uliokuwa umepasuka sasa ukaanza kuachana. Hapa pakawa na mafuta, pale rangi imekusanyika, na kwenye pua na kidevu ngozi yenyewe ikachungulia visiwa visiwa. Alipoletewa keki ya kukata, mama yake alikuwa anamfuta kwa kona ya kitenge. Picha zilitoka, nyingi na za gharama. Mpaka leo ninapozungumza nawe ziko kabatini ndani ya bahasha, na hakuna hata moja iliyotundikwa.

Mimi si daktari wa ngozi wala si mpambaji. Nina stashahada ya uandishi wa habari tu, na kazi niliyofundishwa ni kuuliza. Basi nikauliza, nikasoma, na nikarudi kuuliza tena.

Tuanze na hali ya hewa, maana watu husahau kwamba uso nao unaishi katika hali ya hewa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua zetu hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha kuanzia Mei hadi Oktoba ni ukavu. Juni na Julai baridi hukaza, na upepo hupita katika nyanda hizi zisizo na miti mingi bila kitu cha kuuzuia, ukibeba vumbi. Hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Ndiyo maana kanga iliyoanikwa kivulini hukauka haraka siku ya upepo, na ndiyo maana midomo na visigino vyetu hupasuka miezi hiyo. Sasa angalia jambo moja. Harusi zetu hufungwa lini? Baada ya mavuno, mahindi yakishauzwa na fedha ikiwa mkononi. Yaani tunawapamba mabinti zetu katika miezi ile ile ambayo ngozi iko katika hali mbaya kuliko miezi yote ya mwaka.

Huko bondeni mambo ni mengine. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika, kwa wale wanaoolewa Kasanga au Kirando, liko kwenye mita 770 hivi. Kwa kawaida ukishuka mita elfu moja joto huongezeka kama nyuzi sita. Kwa hiyo bibi harusi wetu alipakwa rangi katika nchi moja, akaikata keki katika nchi nyingine, siku hiyo hiyo, na uso ule ule.

Faundesheni yenyewe ni nini? Ni unga wa rangi, hasa madini yanayotokana na chuma na ule weupe wa titani, uliochanganywa katika maji na mafuta, au katika vimiminika vinavyoteleza vya jamii ya silikoni, hata vikashikana kama maziwa. Maji na mafuta hayapendani. Yanashikana kwa sababu mtengenezaji ameyashikisha. Ukiyavuruga, kwa kuongeza mafuta mengine chini yake au kwa jasho linalotoka chini, yanaachana, na rangi haina tena mahali pa kujishikiza. Huko ndiko kuachana tulikokuona bondeni. Kupasuka kule kanisani ni kitu kingine. Ngozi kavu hunywa ule unyevu, rangi ikabaki juu kama vumbi lililoloweshwa, na uso unapocheka na kuongea rangi ile huvunjika na kukusanyika katika mikunjo.

Aliyenielewesha jambo hili vizuri kuliko wote si mpambaji bali fundi mwashi aliyekuwa akipiga lipu nyumba ya jirani. Nilimwona asubuhi anamwagia maji ukuta wa matofali, ndoo baada ya ndoo, kabla hata ya kukoroga saruji. Nikamwuliza kwa nini anapoteza maji. Akacheka. Akasema tofali kavu likipigwa lipu hunyonya maji ya lipu, na lipu ikinyonywa maji kabla haijashika hupasuka. Akaongeza, bila mimi kumwuliza, kwamba mwenye nyumba akiona ufa hukimbilia kupiga lipu nene zaidi, na lipu nene hupasuka zaidi. Nilibaki nimesimama pale nikiuona uso wa binti yetu nje ya kanisa, unaongezwa tabaka la pili.

Mpambaji mwenyewe nilimtafuta. Ni msichana mwenye adabu na mwenye juhudi, na sikwenda kwake kwa ugomvi. Alinisikiliza, kisha akaniambia, "Mama, mimi nilifundishwa Dar es Salaam. Kule tunafundishwa kupambana na mafuta na jasho." Hapo nikaelewa. Pwani uso unang'aa kabla hujamaliza kuupaka, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kukausha: sabuni ya kuondoa mafuta, faundesheni isiyong'aa, poda nyingi. Akaja nayo elimu ile Sumbawanga, akaikausha ngozi ambayo upepo ulikwisha kuikausha. Na kwa kuwa binti alilalamika kwamba uso unabana, wakampaka mafuta ya mgando, mazito, na papo hapo faundesheni juu yake. Mafuta ya mgando hayaingii ndani ya ngozi, hukaa juu yake. Ni mazuri kwa visigino na kwa usiku. Chini ya faundesheni ni sawa na kutandika mkeka juu ya sakafu iliyomwagikiwa mafuta ya kula. Baridi ilipokuwapo yaliganda na kutulia. Joto la bonde lilipoyafikia yakalainika, na mkeka ukateleza.

Lakini, ndugu msikilizaji, hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili niliipata wiki mbili baadaye, binti alipokuja kuniamkia. Alikuja bila poda wala wanja. Mashavu yalikuwa mekundu, ngozi nyembamba hata vijishipa vinaonekana, na pembeni mwa mdomo inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikamwuliza. Akainama. Kwa miezi mitatu kabla ya harusi alikuwa anajipaka mkorogo kutoka katika kikopo kisicho na maandishi. "Shangazi," akaniambia, "nilitaka nitoke vizuri kwenye picha."

Kikopo hakina maandishi, kwa hiyo kilichokuwamo sikijui. Lakini vinavyokutwa mara nyingi katika mikorogo vinajulikana: haidrokwinoni, zebaki, na dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Dawa hizi za steroidi zikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu. Kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na tangu 2019 iko mikononi mwa Shirika la Viwango. Shehena hukamatwa na kuteketezwa, tunatangaza habari hizo humu humu redioni, na bado vikopo vinafika. Mnunuzi yupo, na mnunuzi huyo nimemkuta ameketi kwenye kochi langu.

Ngozi ya namna hiyo hakuna faundesheni duniani itakayotulia juu yake. Inabanduka, na rangi inabanduka nayo. Niliona ni heri nisimgombeze. Nilimpeleka hospitali, maana aliyezoea dawa hizo kwa muda mrefu akiziacha ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba, naye atadhani tiba ni kurudi kwenye kikopo. Ni vizuri aache chini ya uangalizi wa mganga.

Yako mambo mengine yaliyoifanya mistari ile ionekane hata kutoka benchi la pili. Mpambaji alikuwa na rangi tatu tu mkobani, na zote zilikuwa nyeupe kuliko binti. Rangi nyeupe kuliko ngozi ikipasuka, weusi wa ngozi huchungulia katika kila ufa, nawe unaweza kuhesabu nyufa kama mito kwenye ramani. Rangi inayolingana na ngozi ikipasuka, aghalabu unajua mwenyewe tu na kioo chako. Na shingo ilibaki nyeusi, na mikono ikabaki nyeusi, hata bibi mmoja wa kijijini akauliza kwa sauti huyu ni nani aliyevalishwa uso wa mwenzake. Wazee wetu hawana simile.

Tatizo hili la rangi halikuanzia Sumbawanga. Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu na aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, amekwisha kueleza kwamba alipofika New York mwaka 1975, katika kazi yake ya kwanza ya picha, mpambaji alimwuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Hakukuwa na rangi yake pale. Akajifunza kuchanganya za kwake, na mwaka 1994 akaanzisha vipodozi vyake kwa ajili ya wanawake wenye ngozi kama zetu. Kabla yake, mwaka 1973, Wamarekani Weusi walikwisha kuanzisha Fashion Fair. Na mwaka 2017 mwimbaji Rihanna alitoa faundesheni za rangi 40 kwa mkupuo, hata makampuni makubwa yakaona haya na kuongeza zao. Hata hivyo rangi 40 zilizoko ng'ambo hazimsaidii mtu ambaye duka lake lina tatu. Ikiwa huipati ya kwako, changanya mbili za aina moja na kampuni moja, mpaka ipotee kwenye mstari wa taya. Jaribu kwenye taya, nje, mwangani. Watu wengi hujaribu mgongoni mwa mkono, kana kwamba mkono ndio unaoolewa.

Sasa kwa yule anayeolewa Julai au Agosti hii hapa juu uwandani, na barua zenu zinanionyesha kwamba mpo wengi. Kazi inaanza wiki mbili kabla, wala haigharimu sana. Acha kunawa uso kwa sabuni ya kufulia na kwa maji ya moto sana, maana vyote viwili huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Ukimaliza kunawa, usoni pakiwa bado na unyevu, paka losheni isiyo nzito au glisarini iliyochanganywa na maji. Glisarini tupu isipakwe juu ya ngozi kavu katika hewa kavu, kwani yenyewe hutafuta maji, na ikiyakosa hewani itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako. Usiku, mafuta ya mgando kidogo ruksa. Wiki ya mwisho usijaribu krimu yoyote mpya, hata kama shoga yako ameapa juu yake. Na mchana jikinge na jua. Baridi yetu inatudanganya, lakini Shirika la Afya Duniani linasema kila ukipanda mita elfu moja miale mikali ya jua huongezeka kwa asilimia kumi hivi.

Siku yenyewe, jambo kubwa ni subira. Paka losheni, kisha ngoja dakika kumi. Funga viatu, kunywa chai. Kama vidole vinateleza bado usoni, bonyeza tishu iondoe kilichozidi. Tikisa chupa ya faundesheni, kwa sababu rangi hutuama chini. Kama inatengana hata baada ya kutikiswa au inanuka, imeharibika, itupwe. Kama mpambaji anatumia krimu ya kutangulizia, na aitazame kibandiko: ya silikoni iende na ya silikoni, ya maji iende na ya maji. Kisha apake kidogo, tena kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, akigandamiza badala ya kusugua. Aanzie katikati ya uso ambako kuna madoa, na kuelekea pembeni rangi iwe inapungua. Chini ya macho na kando ya pua, ambako uso hujikunja, iwekwe nyembamba kuliko kwingine kote. Tabaka moja jembamba, subira, na la pili pale tu palipohitajika. Poda ipite kwenye paji, pua na kidevu, na si uso mzima kama maandazi. Kabla ya poda mwambie bibi harusi acheke, azungumze, akunje uso, kisha ile mikunjo ipigwepigwe kwa kidole kuondoa kilichokusanyika.

Na ufa ukitokea baadaye? Usiongeze. Gandamiza kwa sponji yenye unyevu kidogo mpaka ilainike na kurudi mahali pake. Ukishuka bondeni na jasho likaanza, tishu kwanza, kwa kubonyeza, poda baadaye na iwe kidogo. Ukipaka poda juu ya jasho unakoroga tope. Wanaosafiri toka juu kwenda ziwani ningewashauri wapakwe rangi nyepesi asubuhi, na mpambaji afuatane na msafara amalizie huko chini, baada ya bibi harusi kupumzika kivulini. Nauli ya mtu mmoja zaidi si kitu ukiilinganisha na bahasha ya picha iliyofichwa kabatini.

Binti yetu anaendelea vizuri. Ngozi inarudi polepole, na rangi yake mwenyewe inarudi nayo. Mume wake, ambaye hakuwahi kuombwa maoni yake, ameniambia huyu ndiye aliyemchumbia. Mdogo wake binti anaolewa Septemba, na karamu ni bondeni vile vile. Mpambaji ni yule yule, nimemwomba mwenyewe. Atakuja Jumatano moja kabla ya siku yenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, ampake kwa majaribio na dirisha likiwa wazi ili upepo wa Mbizi uingie, halafu sote watatu tutapanda basi la Mtowisa tukaone uso utafika namna gani.